Kutofautisha "on time" na "in time"

Kiswahili hutosheka na maneno "kwa wakati", lakini Kiingereza huligawa wazo hilo sehemu mbili, na hapo ndipo wanafunzi wengi ninaowasahihishia insha hapa Nakuru hujikwaa. Tumia "on time" pale ambapo saa imepangwa na jambo likatendeka saa hiyohiyo: ikiwa basi la Kisumu lilipangiwa kuondoka saa mbili asubuhi na likaondoka saa mbili, andika "The bus left on time." "In time" haijali ratiba, hueleza kwamba mtu aliwahi kabla nafasi haijapotea. Kwa hiyo basi hilohilo laweza kucheleweshwa njiani, pengine na ukungu wa Mau Summit, na bado abiria akaandika "I arrived in time for the interview", au "in time to see my grandmother", kwa kuwa "for" hutangulia nomino na "to" hutangulia kitenzi. Mfano huu wa pili naupenda zaidi, maana unabeba hofu ya kuchelewa ambayo "on time" haiwezi kuibeba. Ukitaka kuonyesha kwamba mtu huyo nusura achelewe, weka "just" mbele ya "in time".