Kukompaili C++ ya kisasa kwenye Haiku ya biti 32

Laptop nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kadutu, Bukavu, ni za zamani, na Haiku, mfumo endeshi mwepesi unaofuata nyayo za BeOS ya zamani, inazifufua vizuri. Shida huanza kijana anapokompaili programu yake ya C++: makosa yanajaa skrini, hata `nullptr`, neno la C++ ya kisasa, haitambuliki.

Usiguse msimbo kwanza. Andika `gcc --version`. Ukiona 2.95, sababu ni hiyo. Haiku ya biti 32 imebaki na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) ya kizazi cha 1999 ili programu za BeOS ziendelee kufanya kazi, nami naiheshimu sana nia hiyo. Kompaila mpya ipo pembeni. Iite hivi:

`setarch x86`

kisha, kwenye terminali hiyohiyo:

`g++ -std=c++17 duka.cpp -o duka`

Sasa maktaba, yaani msimbo uliokwisha andaliwa ambao programu yako huutumia, na hapa ndipo watu wanapomaliza mega zao bure. Maktaba ya C++ iliyojengwa kwa kompaila ya zamani haiungani na msimbo wa kompaila mpya, kwa kuwa kila moja hupanga majina ya ndani kwa namna yake. Kwa hiyo kabla ya kupakua kwa `pkgman`, chombo cha Haiku cha kusakinisha vifurushi, hakikisha jina la kifurushi lina `_x86`, alama ya kompaila mpya.

Programu ikitumia soketi (njia ya kuwasiliana mtandaoni), ongeza `-lnetwork`. Ukikuta `-lpthread` kwenye Makefile (faili ya maagizo ya kukompaili) iliyotoka Linux, iondoe. Kazi zake zimo tayari ndani ya libroot, maktaba ya msingi ya Haiku.

Kama prosesa ni ya biti 64, basi weka Haiku ya biti 64. Huko `setarch` hutaihitaji kabisa.