Anza na lebo ya boksi

Ukienda kusoma nyaraka za zamani kwenye maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, beba penseli. Wino ukigusa karatasi kuukuu hautoki. Uliza kama simu inaruhusiwa, kisha zima flashi. Kabla ya ukurasa wowote, piga picha ya lebo ya boksi, halafu ya jalada. Ukiruka hapo utarudi na picha mia mbili zisizojulikana zimetoka wapi, na hakuna msimamizi wa tasnifu atakayekubali "boksi lile la kijani". Kitabu kikigoma kufunguka, usikikandamize: gundi ya mgongo hukatika. Ruhusa ya kunakili si ruhusa ya kuchapisha. Hakimiliki ya maandishi Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi.