Kabla Hujalala Chini ya Leza: Mambo ya Kuzingatia kwa Asiyeona Mbali

Mtu aliyevaa miwani tangu shule ya msingi akisikia kuna mashine ya kumwondolea miwani kwa dakika chache, huuliza kama inauma, kisha huuliza bei. Ni maswali ya haki, ila hakuna hata moja linalokuambia utaonaje baadaye. Utakavyoona huamuliwa kwa sehemu kubwa na vipimo vinavyochukuliwa kabla, pamoja na ukweli unaomwambia daktari kuhusu macho yako na kazi unazoyafanyisha. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye wiki za maandalizi kuliko kwenye siku ya upasuaji.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka kwa milimita moja tu, mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mtu anakuwa na upungufu wa diopta (kipimo cha nguvu ya miwani) 2.5 hadi 3. Leza hailifupishi jicho hilo. Inachofanya ni kuchonga konea, kile kioo angavu cha mbele, ili mbinuko wake upungue na mwanga usogee nyuma hadi kwenye retina. Konea yenyewe si nene. Kwa watu wengi katikati yake ni maikromita 540 hivi, zaidi kidogo tu ya nusu milimita, na kila diopta moja inayosahihishwa hula maikromita 12 hadi 15, kutegemea upana wa eneo linalochongwa.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hukubaliwa au hukataliwa. Kwa njia ya LASIK daktari hukata kwanza kifuniko chembamba cha konea, tuseme maikromita 110, hukifunua, huchonga chini yake, kisha hukirudisha. Mwenye konea ya 540 na miwani ya -4.00, yaani diopta 4 za kutoona mbali, atapoteza kama 55 kwa leza. Chini ya kifuniko zitabaki 375, na hana wasiwasi. Mwenye konea ya 480 na miwani ya -8.00 atapoteza kama 110, abakiwe na 260. Mpaka wa chini uliozoeleka ni 250, na madaktari wengi hutaka ibaki zaidi ya hapo. Huyu wa pili akiambiwa "hapana, LASIK haikufai", ametendewa wema mkubwa. Konea iliyopunguzwa kupita uwezo wake inaweza kulegea na kutokeza mbele miezi au miaka baadaye, na hapo hata miwani huwa haisaidii vya kutosha.

Unene peke yake hautoshi kumpa mtu ruhusa. Kuna ugonjwa wa keratokonasi, ambao konea hujichongokea yenyewe polepole, na katika hatua za mwanzo mtu anaweza kuwa nao bila kujua. Leza juu ya konea ya namna hiyo huharakisha uharibifu. Ndiyo maana utawekwa kidevu kwenye kiegemeo, uambiwe ukodoe macho bila kupepesa, na mashine itoe ramani ya rangi ya konea yako, ya mbele na ya nyuma. Omba uonyeshwe ramani hiyo na uelezwe inasema nini. Ikiwa kuna ndugu yako mwenye ugonjwa huo, au wewe ni mtu wa kusugua macho sana kwa sababu ya mzio, sema hata kama hujaulizwa.

Ramani hiyo inaweza kudanganya ukiwa unavaa lenzi za machoni, kwa kuwa lenzi hubadilisha umbo la konea kwa muda. Zile laini huachwa takriban wiki mbili kabla ya vipimo. Zile ngumu huhitaji wiki tatu, nne au zaidi, na daktari makini hurudia kupima hadi vipimo viwili vifanane. Najua ni kero kwa mtu aliyezizoea kurudi kwenye miwani mizito kwa mwezi mzima. Vumilia. Leza itachonga kwa usahihi kabisa kile kilichoandikwa kwenye vipimo, na vipimo vikiwa vya uongo usahihi huo hautakufaa kitu.

Tafuta pia karatasi zako za zamani za miwani. Kinachotakiwa ni kipimo kilichotulia, yaani kisichobadilika kwa zaidi ya nusu diopta ndani ya mwaka mmoja. Umri wa miaka 18 ndio wa chini kabisa, na wengi hushauriwa wangoje hadi wapite 21 kwa sababu macho ya ujanani bado yanaweza kuwa yanarefuka. Mjamzito na anayenyonyesha husubiri, kwani homoni huyumbisha kipimo na kuongeza ukavu wa macho.

Magonjwa na dawa yataje yote. Baridi yabisi ya kinga ya mwili, lupasi, kisukari kisichodhibitiwa, historia ya hepesi ya jicho (maambukizi ya virusi), vidonge vya isotretinoini vya kutibu chunusi: kila kimoja kinaweza kuchelewesha kupona au kuufuta mpango mzima.

Kuhusu ukavu wa macho niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi na ndio unaochukuliwa kwa wepesi. Kukata kifuniko cha konea ni kukata pia mishipa ya fahamu inayolijulisha jicho kwamba limekauka. Machozi hupungua, macho huwasha kama yana mchanga, na uoni hufifia kisha kurudi ukipepesa. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya miezi sita hadi mwaka. Kwa wachache hubaki. Aliyeingia na macho makavu ana hatari kubwa zaidi. Kama mchana unakukuta na macho mekundu, au umeziacha lenzi kwa sababu zilikuwa zinakukwaruza, pimwa machozi na utibiwe kope kwanza. Upasuaji unaweza kusubiri miezi mitatu bila hasara yoyote.

Sasa matokeo yenyewe. Kwa LASIK ya kisasa, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba takriban macho 9 kati ya 10 yalifika 6/6 bila miwani, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida huona kwa mita 6, na zaidi ya 99% yalifika 6/12 au vizuri zaidi. Ni matokeo mazuri sana, na sioni sababu ya kuyapunguza. Lakini 6/6 hupimwa kwa herufi nyeusi kwenye ubao mweupe, ndani ya chumba kilichoandaliwa. Maisha yana usiku, mvua na taa za magari yanayokuja mbele yako. Mboni hupanuka gizani, mwanga hupita hadi kwenye kingo za eneo lililochongwa, na mtu huona duara la mwanga kuzunguka taa, miale inayotapakaa, au kivuli pembeni ya maandishi. Utafiti ulioendeshwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, na kuchapishwa 2017, uliwauliza wagonjwa wenyewe badala ya kutegemea ubao peke yake. Miongoni mwa wasiokuwa na dalili hizo kabla, hadi 46% walikuwa na angalau dalili moja mpya ya kuona miezi mitatu baada ya LASIK, na hadi 30% ya wasiokuwa na macho makavu walipata ukavu. Hata hivyo, chini ya 1% walisema dalili hizo ziliwapa shida kubwa katika shughuli zao, na zaidi ya 95% waliridhika na uoni wao. Soma takwimu hizi zote pamoja. Anayekupa 95% peke yake anakuuzia, na anayekupa 46% peke yake anakutisha.

Dereva wa usiku, rubani au mpiga picha alitaje jambo hilo mapema na aulize mboni zake zina upana gani gizani. Mwenye kipimo kikubwa naye ajue kwamba kadiri diopta zinavyozidi ndivyo uwezekano wa kubakiwa na upungufu kidogo, au wa kipimo kurudi nyuma baada ya miaka, unavyoongezeka. Huyo aulize pia kuhusu lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, ambayo haiigusi konea kwa kuichonga.

Waliofika miaka arobaini na kuendelea, hapa ni pao. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kwa umri, na kuona karibu huwa kugumu kwa kila mtu. Mtu wa -2.50 ana faida asiyoihesabu: akivua miwani, anasoma ujumbe wa simu bila shida. Akisahihishwa kikamilifu kwa ajili ya mbali, faida hiyo inaondoka siku hiyohiyo, na atanunua miwani ya kusomea. Wapo wanaochagua jicho moja lisahihishwe kwa mbali na lingine liachwe kidogo kwa karibu. Usikubali hilo bila kulijaribu kwa lenzi za machoni kwa siku kadhaa, kazini na barabarani, kwa sababu si ubongo wa kila mtu unaolipokea.

Kuhusu njia, jambo la kuuliza ni ipi inafaa konea yako. PRK, iliyoidhinishwa Marekani 1995, haina kifuniko. Ngozi ya juu ya konea huondolewa na kuota upya ndani ya siku tatu hadi tano zenye maumivu, na uoni hutulia polepole kwa wiki kadhaa. Huwafaa wenye konea nyembamba kiasi na wacheza michezo ya kugongana. SMILE hutoa kipande chembamba cha konea kupitia tundu la milimita chache. LASIK huleta uoni haraka kuliko zote, mara nyingi kesho yake asubuhi.

Siku yenyewe ni fupi. Usipake wanja, vipodozi wala manukato, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Utatiwa matone ya ganzi, kope zitashikwa zisifunge, na kwa LASIK na SMILE kifaa cha kufyonza kitabana jicho hadi kila kitu kififie kwa sekunde chache. Ukijua hilo mapema hutashtuka. Kwa LASIK na PRK utasikia harufu kama ya nywele zilizoungua, ingawa leza haiunguzi. Wewe tazama tu ile taa ndogo utakayoonyeshwa. Baadaye usisugue macho, vaa vikinga vya usiku, tumia matone kwa ratiba, na ukiona maumivu yanazidi au uoni unashuka ghafla, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kusaini, muulize daktari atakayekupasua kama ni yeye atakayekuona baada ya wiki na baada ya miezi, na ikihitajika kuongezewa leza nani atagharamia. Omba pia retina ikaguliwe mboni ikiwa imepanuliwa. Jicho lililorefuka hubaki refu hata likiona 6/6, na hatari ya retina kubanduka iko palepale. Ukiona vimulimuli, madoa mengi mapya yanayoelea au pazia jeusi pembeni, ni dharura, hata kama miwani uliiacha miaka kumi iliyopita.

Mwisho, chukua nakala ya vipimo vya kabla ya upasuaji: kipimo cha miwani, mbinuko wa konea na unene wake. Utakapopata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atavihitaji ili akokotoe lenzi ya kukuwekea, kwani konea iliyochongwa hupotosha kanuni za kawaida. Na kila unapopimwa presha ya macho, sema ulifanyiwa leza, maana kwenye konea iliyopunguzwa kipimo husoma chini kuliko presha halisi.