Somo: Kufuatilia uoto unavyobadilika na kuamua pa kurudisha miti

Wengi huanza na miche. Mimi naomba tuanze na picha, maana eneo lililopoteza miti lina historia yake, na usipoijua utapanda palepale panapoua miche kila mwaka.

Hatua ya 1: Tafuta picha mbili za setilaiti. Picha za Landsat (setilaiti za Marekani) ni za bure tangu 2008, na zile za pikseli, yaani kimraba kimoja cha picha, ya mita 30 zinarudi nyuma hadi 1982. Sentinel-2, ya Ulaya, ilianza 2015 na ina pikseli ya mita 10. Landsat 7 ya baada ya Mei 2003 iepuke ukiweza, ina mistari mitupu kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika.

Hapa kwenye picha ndipo watu huharibu kazi. Mtu anachukua moja ya masika na nyingine ya kiangazi, kisha anatangaza msitu umekwisha. Haujaisha, umepukutisha majani! Chukua mwezi uleule, na hakikisha mwaka mmojawapo haukuwa wa ukame. Mimi napenda mwanzo wa kiangazi: mawingu yamepungua, nyasi zimeanza kukauka na miti bado ni ya kijani, kwa hiyo inajitenga vizuri.

Hatua ya 2: Kokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, kwa kila picha. Fungua QGIS (programu ya ramani), ingia kwenye kikokotoo cha rasta, yaani cha picha za pikseli. Kila picha ina bendi, yaani tabaka la aina moja ya mwanga. Toa bendi nyekundu kutoka bendi ya infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Kwenye Sentinel-2 infraredi ni bendi ya 8 na nyekundu ni ya 4. Kwa mpangilio huohuo, Landsat 8 na 9 ni ya 5 na ya 4. Landsat 5 ni ya 4 na ya 3. Udongo mtupu hukaa karibu na sifuri, uoto mzito hupanda kuelekea 1. Angalizo: Sentinel-2 tangu mwishoni mwa Januari 2022 thamani zake zimeongezwa 1000. Toa hiyo 1000 kwanza, kama chanzo chako hakijaitoa.

Hatua ya 3: Gawa aina za ardhi. Msitu, vichaka, nyasi, mashamba, maji, makazi. Zinatosha.

Hatua ya 4: Nenda ukaone. Chagua pointi za kukagua ramani yako kwa bahati nasibu, zikiwemo zilizo mbali na barabara. Waulize wazee miti iliondoka lini na kwa nini: mkaa, moto, mifugo au kilimo? Setilaiti haijibu hilo, na kama sababu bado ipo, miche yako itaifuata miti ya zamani.

Hatua ya 5: Panga. Penye visiki vinavyochipua, linda tu, mizizi tayari iko chini. Kingo za mito na miteremko iliyo mitupu ndiyo ya kupandwa kwanza. Mbuga za nyasi ambazo hazijawahi kuwa msitu ziache. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta inachukua miche 1,111.

MASWALI

*Mkuu, asante kwa somo. Ramani yangu inasema msitu umeongezeka, sisi huku tunaona umepungua.*

Kagua huo "msitu" usije ukawa miwa, shamba la miti ya mbao au vichaka vamizi. NDVI inaona ukijani tu, haijui mti gani.

*Shamba langu ni ekari moja. Landsat inatosha?*

Hapana, ndugu. Ekari moja ni kama pikseli nne na nusu, na karibu zote zitakuwa zimechanganyika na jirani. Sentinel-2 itakupa kama 40.

*Kompyuta yangu ni dhaifu, inaganda.*

Jaribu Google Earth Engine. Hesabu zinafanyika kwenye seva zao, wewe unahitaji kivinjari na intaneti.

*Tukishapanda, setilaiti itatuonyesha miche imeshika?*

Si miaka ya mwanzo. Mche ni mdogo kuliko pikseli na nyasi zinaufunika. Hesabu kwa miguu baada ya kiangazi cha kwanza: chomeka kijiti, funga kamba ya mita 5.64, zunguka. Duara hilo ni mita za mraba 100, na kwa nafasi ya 3 kwa 3 litakuwa na miche kama 11. Rudia sehemu nyingi. Ukikuta nne nne, usiagize miche mingine kabla hujajua saba zimeliwa, zimeungua au zimekosa maji.