Kuchagua begi la mgongoni la Kilimanjaro: pima mgongo, usiangalie lita tu

Jumamosi nilishinda soko la Memorial hapa Moshi na binamu yangu aliyetoka Dar. Desemba anapanda mlima na wenzake wa kazini kwa njia ya Machame, wanataka kuwa kileleni tarehe 9, Siku ya Uhuru. Alishuka kwenye basi na begi jipya la lita 70 mgongoni, na kila alipogeuka alimgonga mtu. Muuzaji alimwambia ni "la mlimani". Tukaliacha nyumbani, tukaingia kwenye mitumba, tukatoka na lingine la nusu ya ukubwa ule. Wenzake nao wameanza kuuliza, kwa hiyo naandika hapa yote niliyokuwa nikimweleza huku tukipekua.

Mimi nilianza kama mpagazi, sasa ni mwongozaji msaidizi. Haya ninayosema mgongo wangu umeyalipia.

Hatua ya 1: Tenganisha mizigo miwili

Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na karibu kila kundi lina wapagazi. Kwa hiyo una mabegi mawili. La kwanza anabeba mpagazi, kichwani au shingoni: begi la kulalia, nguo za akiba, taulo. Liwe laini, lisilo na fremu wala magurudumu. Tafadhali, magurudumu hapana. Kuna binadamu chini yake. Getini kuna mizani, na mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20, humo humo na vitu vingine vya kundi. Ndiyo maana kampuni nyingi zinakwambia begi lako liishie kilo 15.

La pili ni lako mwenyewe, na ndilo tunaloongelea.

Hatua ya 2: Lita

30 hadi 35. Linaingia maji lita 3, koti la mvua, koti la baridi, glavu, kofia, chakula cha mchana, dawa na simu. Jumla kama kilo 6 au 7. Ukinunua la lita 20 utaanza kuning'iniza vitu nje kama duka la mangi. Ukinunua la 50 utalijaza tu, begi kubwa halikosi cha kubeba. Wanaopanda Mlima Kenya wakijibebea kila kitu ndio watafute 55 au 60.

Hatua ya 3: Pima mgongo

Hapa nitakaa kidogo.

Urefu wa mtu na urefu wa mgongo wake ni vitu viwili tofauti. Binamu yangu ananizidi karibu kichwa kizima, lakini mgongo wake ni sentimita 44 na wangu ni 48. Urefu wake wote uko miguuni. Angechagua begi kwa kujitazama kwenye kioo, angechukua saizi kubwa na kuumia.

Tafuta futi ya fundi cherehani na mtu wa kukupima, peke yako hutaweza. Inamisha kichwa, nyuma ya shingo, pale inapokutana na mabega, kuna fupa linajitokeza. Hapo ndipo pa kuanzia. Sasa shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nyuma, ukikandamiza mpaka uhisi ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Mstari kati ya gumba na gumba ndio mwisho. Futi ilale kwenye uti wa mgongo, ifuate mbinuko wake, isivutwe ikanyooka. Simama kawaida. Binamu alijikaza kama askari wa gwaride, tukapata 46; alipopumua na kulegea ikawa 44.

Watengenezaji wengi wanaita saizi ndogo kuanzia 40 hadi 44 hivi, ya kati 45 hadi 50, na kubwa zaidi ya hapo. Kila mmoja ana vipimo vyake, kwa hiyo usiamini herufi iliyoandikwa kwenye lebo, amini futi. Mabegi ya kike huwa na mgongo mfupi na mikanda ya mabega iliyopinda zaidi. Mwanaume mwenye mgongo mfupi alivae tu, mlimani hakuna atakayekucheka.

Kwa nini nasumbua watu na sentimita mbili tatu? Nikiwa mpagazi nilikuwa na begi zuri la mtumba, lita 65, la vitu vyangu mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa mrefu kuliko wangu, mkanda wa kiunoni ukawa unakaa kwenye makalio. Mkanda ukikaa hapo haubebi kitu, uzito wote unarudi mabegani, na juu ya hayo mabega mimi nilikuwa na mzigo wa kundi shingoni. Siku hiyo tulitoka kambi ya Barranco kwenda kambi ya Karanga, na njiani kuna ukuta wa mwamba unaopandwa kwa kushika mawe. Kwenye ule ukuta mikono ilianza kuwasha, kisha vidole vikafa ganzi, nikashindwa kushika jiwe sawasawa. Nikawa napanda hatua kumi, naegemea mwamba, napumzika. Wenzangu walinipita wote. Mwongozaji alidhani mlima umenipiga, yaani naumwa kwa sababu ya mwinuko, akanihoji kama kichwa kinauma. Nilifika Karanga nikiwa nimechelewa kwa muda wa saa tatu nyuma ya wenzangu, na hema la jikoni nilikuwa nalo mimi. Wapishi wamekaa juu ya masufuria, wageni wanatetemeka, chai hakuna.

Mzee mmoja wa kundi lingine ndiye aliyenivua lile begi. Akaligeuza, akaingiza mkono nyuma ya sponji ya mgongoni, krrrr, akabandua kitambaa cha kunata, akashusha mikanda ya mabega sehemu mbili na kuibandika tena. Akanivisha. Mkanda ukapanda wenyewe mpaka kwenye nyonga. Begi lilikuwa na ngazi ya kurekebishia muda wote, na nilikuwa nimelibeba karibu mwaka mzima bila kujua. Mzee hakusema neno, aliniangalia tu, akaenda zake kutafuta maji.

Kwa hiyo kabla hujalikataa begi kwa sababu ni refu au fupi, ingiza mkono nyuma ya ile sponji. Ukikuta mahali pa kupandisha na kushusha mikanda, nakushauri uchukue hilo hata kama lina rangi mbaya. Mimi sinunui tena begi lisilorekebishika, hata liwe jipya. Ila angalizo: mengine yana ngazi lakini kitambaa cha kunata kimechakaa, ukiweka kilo 7 mikanda inateleza taratibu mpaka juu. Livute kwa nguvu pale pale sokoni. Na lisilorekebishika likikutosha sawasawa, ni jepesi zaidi, sina ugomvi na anayelichukua. Usimwazime tu rafiki yako.

Hatua ya 4: Livae likiwa na mzigo

Begi tupu linamkaa kila mtu. Nenda sokoni na chupa nne za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo 6. Legeza mikanda yote. Funga wa kiunoni kwanza, ukalie mfupa wa nyonga, nusu juu yake na nusu chini, ukaze. Kisha vuta ya mabega mpaka iguse tu. Halafu wa kifuani. Mwisho vile vimkanda vidogo juu ya bega, viwe vimelala mshazari.

Pitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega. Vikipita kwa raha, nyonga zinafanya kazi. Tazama juu: kisogo kikigonga begi, pale ukutani Barranco utapanda bila kuona unakoshika. Panda ngazi za jengo lolote kwa robo saa. Muuzaji akilalamika, mwachie simu yako kama dhamana.

Hatua ya 5: Kagua mtumba

Geuza begi ndani nje na unuse. Likinuka uchachu na ndani kukawa na ngozi nyembamba inayobanduka kama ganda la muwa, utando wa kuzuia maji umekufa, haurudi. Klipu na zipu fundi anabadilisha, hizo zisikutishe. Fremu iliyokunjika na sponji iliyolala, acha.

Kukodisha Moshi kunawezekana, ila hakikisha unalivaa siku moja kabla.

Hatua ya 6: Mvua

Kava la mvua halitoshi. Maji yanashuka kati ya mgongo wako na begi, upande ambao kava haufuniki, na upepo wa uwanda wa Shira unalibeba kava kama kishada. Vitu vikavu viwe ndani ya mifuko isiyopitisha maji, ile ya kukunja mdomo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usije nayo.

Hatua ya 7: Usiku wa kileleni

Mnatoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku. Punguza begi: maji, koti la juu, glavu za akiba, vitafunwa, betri. Wapenda mifuko ya maji yenye mrija, nawajua, na hatuelewani. Mrija unaganda kabla hujafika Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, ukabaki na lita mbili mgongoni usizoweza kuzinywa. Ukiung'ang'ania, kila ukimaliza kunywa puliza maji yarudi mfukoni. Mimi nachukua chupa mbili za mdomo mpana, nazivisha soksi nene na kuziweka ndani ya begi zikiwa kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Ukizigeuza kunywa, mdomo bado uko wazi. Kifuniko kikaze vizuri. Binamu alijaribu sebuleni, akalowesha kochi la mama.