Somo: Kujiandaa na mashine ya uongo unapoomba kazi ya polisi Marekani

Wengi mlioomba somo hili mmeshapita mtihani wa kuandika na ule wa mbio, sasa mmepangiwa tarehe ya poligrafu, yaani hiyo mashine ya kupima uongo, na usingizi umeanza kupungua. Shikeni jambo moja kabla hatujaingia ndani. Kinachowaangusha waombaji wengi ni tofauti: kwenye fomu umeandika hivi, afisa wa upekuzi umemwambia vile, na ukishafungwa nyaya unatoa hadithi ya tatu. Mashine hupewa lawama, lakini shida ilishakuwepo mezani tangu siku ulipojaza fomu. Kwa hiyo maandalizi mengi yanafanyika wiki kadhaa kabla, kwa kalamu na karatasi.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Tangu 1988 sheria ya shirikisho inawakataza waajiri binafsi walio wengi kumpima mwombaji kazi kwa mashine hii, ila serikali haimo kwenye katazo hilo, iwe ya shirikisho, ya jimbo au ya mji. FBI hupima waombaji wake wote. CBP, wale wa forodha na ulinzi wa mipaka, wanalazimika kupima waombaji wa nafasi za askari kwa sheria ya mwaka 2010. Polisi wa miji na masherifu wa kaunti kila mmoja ana utaratibu wake: wapo wanaotumia poligrafu, wapo wasiotumia, na wapo wanaotumia kipimo cha mtikisiko wa sauti. Soma tangazo la kazi uone lako ni lipi.

Hatua ya 1: Ijue mashine inapima nini

Utafungwa mirija miwili, mmoja kifuani na mmoja tumboni, kwa ajili ya pumzi. Mkononi utavishwa mkanda wa presha kama wa hospitali. Vidoleni kunawekwa vibati vya kupima unyevu wa jasho. Kiti chenyewe mara nyingi kina mto wenye vihisio vinavyonasa ukijitikisa. Basi. Hakuna waya unaopima uongo. Zinapimwa dalili za mwili kushtuka, kisha binadamu anaangalia michoro na kuamua mshtuko ule una maana gani.

Kifaa hiki kilizaliwa kituo cha polisi cha Berkeley, California, mwaka 1921, mikononi mwa John Larson, askari aliyekuwa na shahada ya udaktari katika fiziolojia, chini ya mkuu wake August Vollmer. Miaka miwili tu baadaye, 1923, mahakama ya rufaa mjini Washington ilikataa ushahidi wa kipimo cha uongo kilichotangulia hiki, kilichotegemea presha ya damu, kwa sababu wanasayansi walikuwa hawajakikubali. Na mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichapisha ripoti nene iliyosema kwamba kuwachuja waombaji na wafanyakazi kwa poligrafu hakuna usahihi wa kutosha wa kutegemewa kwa usalama wa taifa. Aldrich Ames, afisa wa CIA aliyewauzia Warusi siri, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, na mara zote mbili akapita. Alikamatwa 1994.

Mbona nawaeleza haya? Kwa sababu mbili zinazovutana. Ukiamini mashine inasoma moyo, utaungama hata usichofanya. Ukiidharau, utaingia kwa kiburi, na anayetoa uamuzi ni mtu, naye kiburi anakiona. Kuna jambo la tatu lisilopendeza: mtu mkweli kabisa anaweza kuonekana mwongo, kama kengele ya gari inavyolia paka akipita juu ya boneti. Hilo lipo, na somo hili haliwezi kuliondoa. Linaweza tu kukupunguzia sababu za kushtuka.

Hatua ya 2: Rudi kwenye fomu yako

Hapa ndipo nataka mkae sana. Tafuta nakala ya kila ulichowaandikia: fomu ya maombi, dodoso la historia binafsi, na kama ni kazi ya shirikisho inayohitaji kibali cha usalama, SF-86, yaani dodoso lao la upekuzi. Kama hukuhifadhi nakala, kaa chini uandike upya kwa kumbukumbu.

Halafu pita eneo moja baada ya jingine, maana maswali ya mpimaji yanatoka humo humo: dawa za kulevya, wizi kazini, makosa makubwa ambayo hukuwahi kukamatwa, ugomvi wa nyumbani uliofikia kupigana, makosa ya ngono, urafiki na wahalifu, na ukweli wa fomu yenyewe. Kazi za shirikisho huongeza ujasusi na mahusiano na serikali za nje.

Kwa kila eneo andika tukio, mwaka, na mara ngapi. Usipokumbuka idadi, weka kiwango: "kati ya mara tatu na tano, 2018 hadi 2019". Neno linalowaponza watu ni "sijawahi". Aliyeandika sijawahi kuchukua kitu cha mwajiri, kisha akiwa kitini akakumbuka kalamu, karatasi na ile chaja, anaanza kutokwa jasho kwa sababu ya chaja. Mpimaji haajiri wala hafukuzi kwa sababu ya chaja. Anachotaka kujua ni kama utaitaja.

Ukigundua kuna kitu ulikiacha au ulikosea tarehe, usisubiri siku ya mashine. Mwandikie afisa anayekufanyia upekuzi sasa hivi, sentensi mbili tatu, bila hadithi ndefu. Marekebisho uliyoyaleta mwenyewe husomwa kama uaminifu. Maneno yale yale yakitoka saa ya tatu ya mahojiano, yanasomwa kama umebanwa. Na kwenye kazi za shirikisho, kusema uongo kwa makusudi kwa idara ya serikali ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5.

Soma pia orodha ya mambo yanayokuondoa moja kwa moja. FBI, kwa mfano, haimkubali aliyetumia bangi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, na kwa dawa nyingine haramu muda ni miaka 10. Kama huo muda haujatimia, subiri utimie. Watu wanapenda sana kuharakisha hapa na sielewi kwa nini. Mwaka unapita, ila rekodi ya kukataliwa kwa udanganyifu inabaki.

Hatua ya 3: Achana na ujanja

Kung'ata ulimi, kukanyaga kijiwe ndani ya kiatu, kubana misuli, kuhesabu kinyumenyume, kuvuta pumzi kwa mpangilio: yote hayo wapimaji wamefundishwa kuyatafuta, na ule mto wa kiti upo kwa ajili hiyo. Ukinaswa, matokeo ya michoro hayajaliwi tena. Umejaribu kuharibu kipimo, na faili linafungwa. Hata wanaouza mafunzo ya ujanja huu wamewahi kuingia matatani. Mwaka 2015 aliyekuwa mpimaji wa polisi wa Oklahoma City alihukumiwa miaka 2 gerezani kwa kuwafundisha watu waliomwambia wazi kwamba wanataka kuidanganya serikali. Walikuwa maafisa wa serikali waliojifanya wateja.

Kusoma somo kama hili si kosa. Ukiulizwa kama umesoma kuhusu poligrafu, sema ndiyo.

Hatua ya 4: Siku mbili za mwisho

Lala. Kula. Usinywe pombe. Kama kahawa ni kawaida yako, kunywa ile ile uliyozoea; si siku ya kuacha wala ya kuongeza. Dawa za daktari zinywe kama kawaida. Vaa nguo ya heshima yenye mkono unaopandishwa kirahisi. Ukiwa na mafua makali au kikohozi, piga simu uombe tarehe nyingine, maana kikohozi kinaharibu mchoro wa pumzi.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Tenga nusu siku. Mara nyingi kazi yote inachukua saa mbili hadi nne, na kati ya hizo muda wa kuwa kwenye nyaya ni mdogo. Sehemu ndefu ni mazungumzo ya mwanzo. Utasaini fomu ya ridhaa, mpimaji ataeleza vifaa, kisha atapitia nawe historia yako na maswali yote atakayokuuliza, neno kwa neno. Hakuna swali la kushtukiza baadaye. Hapo ndipo mahali pa kuuliza "unaposema 'kosa kubwa' una maana gani?" Uliza mpaka swali likae sawa kichwani mwako, hasa kama Kiingereza si lugha uliyokua nayo. Swali lenye ukungu likiachwa, litakurudia ukiwa na mkanda mkononi.

Huenda ukapewa jaribio dogo: chagua namba, kisha ukane namba zote, na ile uliyoichagua. Linatumika kuzoesha mwili na, tuseme ukweli, kukufanya uiamini mashine. Baada yake maswali halisi yanaulizwa kwa raundi kadhaa, kila raundi dakika chache, na kati ya swali na swali kuna kimya cha sekunde 20 na zaidi. Kimya kile kinawasumbua watu kuliko maswali. Jibu ndiyo au hapana, tulia, angalia ukuta. Likikujia wazo jipya katikati, liseme raundi ikiisha.

Hatua ya 6: Baada ya nyaya

Mpimaji anaweza kurudi na sura ya upole: "Kuna swali moja naona linakusumbua. Ni nini?" Wapo wanaoulizwa hivyo ingawa michoro yao haina neno. Kama kuna kitu, kiseme mara moja, chote. Kama hakuna, jibu lile lile ulilotoa mwanzo, kwa sauti ile ile, hata akikuuliza mara sita. Usibuni dhambi ili umridhishe. Katika watu wanaoshindwa hatua hii, wengi wameshindwa kwa maneno yao, na maneno hayawezi kupimwa upya. Ukiombwa kuandika maelezo na kusaini, yasome yote kwanza.

Matokeo huwa ya aina tatu: hakuna dalili za udanganyifu, zipo, au haikueleweka. La tatu kwa kawaida huleta kipimo kingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nina presha na ninakunywa dawa kila siku. Nimwambie mpimaji?*

Marahaba. Usiache dawa hata siku moja kwa ajili ya hiki kipimo. Chini ya sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, kabla hujapewa ahadi ya ajira yenye masharti hawatakiwi kukuuliza maradhi yako wala dawa halali unazotumia. Baada ya ahadi hiyo wanaweza. Ukiulizwa, jibu, na beba majina ya dawa yameandikwa.

*Kaka, mimi nina woga wa asili. Hata kwa daktari wa meno natetemeka. Si nitaonekana mwongo?*

Woga wa jumla unaonekana kwenye michoro tangu swali la "leo ni Jumanne?" mpaka la mwisho. Mpimaji anatafuta swali linaloinuka kuliko mengine. Mwambie mapema kwamba una wasiwasi. Si siri na hatashangaa.

*Nilivuta bangi kwenye jimbo ambako ni halali. Hiyo nayo inahesabika?*

Kwa shirikisho, ndiyo. Ruhusa ya jimbo haiwafungi FBI wala CBP. Kwa polisi wa mji, inategemea idara na sheria ya jimbo. Kote kote, andika tarehe ya mwisho kwa ukweli.

*Nilikamatwa nikiwa na miaka 16 na kesi ikafutwa kwenye kumbukumbu. Wakili wa wakati ule aliniambia naweza kusema haikutokea.*

Dada, ushauri ule huenda ulikuwa sahihi kwa kazi ya dukani. Yapo majimbo yanayoruhusu idara za polisi kuuliza hata kesi zilizofutwa. Muulize wakili wa jimbo lako kabla ya kujaza fomu, na umwambie waziwazi kwamba kazi ni ya polisi. Usiulize hilo mara ya kwanza ukiwa mbele ya mpimaji.

*Ndugu zangu wengi wako nje ya Marekani na huwa nawatumia pesa. Hilo ni tatizo?*

Kutuma pesa kwa mama yako si kosa. Tatizo ni kutomtaja. Kwenye nafasi za shirikisho zenye kibali cha usalama utaulizwa jamaa walioko nje na mawasiliano yenu. Tengeneza orodha ya majina, nchi na kazi zao, na upitie miamala yako ili hesabu unayoitaja ifanane na ile ya benki.

*Nilishindwa kwenye idara moja mwaka jana. Niiambie idara mpya?*

Watakuuliza kama umewahi kupimwa, wapi, na matokeo yalikuwaje. Sema. Idara huulizana. Wapo walioshindwa sehemu moja wakaajiriwa nyingine, lakini aliyeficha kipimo cha kwanza anaingia cha pili akiwa tayari na jambo la kuficha.

*Naweza kukataa kupimwa?*

Unaweza, na hakuna atakayekulazimisha. Ila pale ambapo kipimo ni sharti la kazi, maombi yako yanaishia hapo.

*Naruhusiwa kuingia na simu nirekodi?*

Tegemea kuambiwa uiache nje. Wenyewe mara nyingi wanarekodi chumba. Saa ya mkononi inayopokea ujumbe nayo iache kwenye gari. Ikitetemeka katikati ya swali, raundi nzima inarudiwa.