Somo: Kulichimba neno "kiti" mpaka mzizini

Chukua daftari na kamusi yoyote ya Kiswahili.

Hatua ya 1. Tia neno katika wingi: kiti, viti. Limeingia ngeli ya KI-VI, lakini usikate shauri kwamba ni la Kibantu kwa ushahidi huo peke yake. Kitabu na kiberiti nayo huleta vitabu na viberiti, na yote mawili yametoka Kiarabu, kitab na kibrit. Waswahili walisikia ki- mwanzoni wakaifanya kiambishi.

Hatua ya 2. Vua ki- uone kilichobaki kina ndugu au hakina. Hiki ndicho kipimo chenyewe. Kwenye kitabu inabaki -tabu, na hakuna neno la kusoma wala kuandika lililojengwa juu yake (tabu ya shida ni neno jingine kabisa). Kwenye kiti inabaki -ti, nayo iko hai: mti, miti, kijiti. Kiti ni kifaa cha mti.

Wengi huteleza hapa wakasema kiti maana yake ni "mti mdogo". Sivyo. Mzizi wenye silabi moja ukidunishwa huingiziwa -ji-: mtu, kijitu, mto, kijito, mti, kijiti. Kiti hakina -ji-, kwa hiyo ki- yake ni ya kutaja kifaa, haipunguzi ukubwa.

Hatua ya 3. Bisha hodi kwa majirani. Kikuyu wanasema mũtĩ kwa mti na gĩtĩ kwa kiti, jozi ileile. K imekuwa g kwa kuwa silabi inayofuata inaanza na t. Usitarajie jozi hiyo kila mahali. Waganda wana omuti, ila kiti kwao ni entebe, neno lililoupa jina mji wa Entebbe.

Hatua ya 4. Panga maana kutoka kwenye mbao kwenda kwenye mamlaka. Kinachounganisha maana hizo mbili ni kiti cha enzi. Kitazame kile cha Lamu na Pate: mpingo mweusi, mgongo ulionyooka wima, paneli za uzi uliosukwa, vipande vya mfupa au pembe vilivyopachikwa kwenye fremu. Ni kiti cha mkubwa na cha mgeni wa heshima. Ukishakiona, kiti cha ubunge, viti maalumu na mwenyekiti havihitaji maelezo marefu. Maana moja husahaulika na kamusi ndogo: katika uganga wa pepo pwani, kiti ni mtu anayepandwa na pepo, maana pepo humkalia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wingi wa mwenyekiti ni wenyekiti au mwenyeviti?
Jibu: Wenyeviti. Sehemu zote mbili hubadilika. Likiwa cheo, andika neno moja. Ukimaanisha mtu mwenye kiti chake pale barazani, tenganisha. Cheo chenyewe ni uenyekiti.

Swali: Meza nayo imetokana na kumeza, kwa kuwa ndipo tunapolia chakula?
Jibu: Hapana, zimegongana kwa sauti tu. Meza ya kulia ni mesa ya Kireno, na ndiyo maana haina kiambishi cha kuvua: meza moja, meza kumi. Kumeza ni kitenzi cha Kibantu. Kamusi nzuri huyaingiza kama vidahizo viwili, yaani maneno mawili yanayojitegemea.

Swali: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Kigoda cha Mwalimu Nyerere, cheo cha uprofesa. Kwa nini si kiti?
Jibu: Kigoda ni kile kifupi kisicho na egemeo, na kina sura ya mzee anayekaa chini kufundisha. Hicho cha Chuo Kikuu kilianzishwa 2008. Kwa cheo cha uprofesa wa namna hiyo, tumia kigoda. "Kiti cha uprofesa" msomaji atakielewa kama samani.

Swali: Na kitimoto?
Jibu: Likiunganishwa, Tanzania ni nyama ya nguruwe. Likitenganishwa, "kumweka mtu kiti moto" ni kumbana kwa maswali. Ukihariri, chunga hiyo nafasi.